Chembe Nyekundu Hukwama Wapi? Mtafiti wa Damu Ajibu Maswali ya Wasomaji

Barua nyingi zilizofika tangu tutangaze kwamba safu hii itazungumzia damu zimeanza kwa maneno yaleyale: "Nimeambiwa nina upungufu wa damu." Ni wachache mno walioendelea kueleza kwamba upungufu wao ni wa aina gani, na siwalaumu, kwa kuwa mara nyingi hakuna aliyewaeleza. Kazi yangu ni kuchunguza namna chembe nyekundu zinavyoumbwa ndani ya uboho wa mifupa na kasoro zinazoikatiza safari hiyo, na kwa mtu wa kazi hii upungufu wa damu ni dalili inayodai kuulizwa swali: safari imekwama hatua gani? Barua zilizochapishwa hapa nimezifupisha, na majina ya walioziandika nimeyaacha kwa sababu habari za damu ni habari za ndani ya familia.

Shikamoo Daktari. Mimi ni mwanafunzi wa sekondari. Tumefundishwa kwamba seli huongozwa na kiini chake, kisha tukafundishwa kwamba chembe nyekundu ya damu haina kiini. Inaishije, na kiini chake huenda wapi?

Marahaba, mwanangu. Chembe nyekundu huanza maisha ikiwa na kiini kama seli nyingine. Chimbuko lake ni seli shina zilizomo ndani ya uboho, ambazo zina uwezo wa kuzaa aina zote za seli za damu. Baadhi ya wazao wa seli hizo hushika njia ya wekundu, na kuanzia hapo hugawanyika takribani mara nne katika muda wa siku chache, kila kizazi kikiwa kidogo kuliko kilichokitangulia na kikiwa na himoglobini nyingi zaidi, yaani ile protini yenye madini ya chuma inayobeba oksijeni na kuipa damu rangi yake. Wakati himoglobini ikijaa, kiini hunywea na kukazana mpaka kinaonekana chini ya darubini kama donge jeusi, na mwishowe seli hukisukuma nje kikiwa kimefungwa ndani ya utando mwembamba.

Kiini hicho hakiachwi kizagae. Mwaka 1958 mtaalamu wa damu wa Ufaransa, Marcel Bessis, alieleza kwamba seli changa nyekundu hukua zikiwa zimeizunguka seli moja kubwa ya aina ya makrofeji, yaani seli inayomeza mabaki na seli zilizochakaa, katika makundi aliyoyaita visiwa. Makrofeji huzilea seli hizo, na kiini kinapotupwa hukimeza na kukisaga. Chembe iliyobaki, ambayo bado ni changa, hutoka ndani ya uboho na kuingia kwenye mishipa, na baada ya siku moja au mbili hukomaa na kupata umbo lake la kisahani kilichobonyea katikati.

Faida ya kutokuwa na kiini ni wepesi wa kujikunja. Chembe nyekundu ina upana wa maikromita 7 hadi 8, lakini hulazimika kupita kwenye mishipa myembamba kuliko yenyewe, na katika bandama hupenya nyufa zenye upana wa maikromita 1 hivi. Gharama yake ni kwamba chembe hiyo haiwezi kutengeneza protini mpya wala kujikarabati. Huishi kwa kuvunja glukosi bila kutumia hata kidogo oksijeni inayoibeba, na baada ya siku 120 hivi huwa imechakaa, ikamezwa na makrofeji za bandama na ini. Kwa hiyo uboho haupumziki hata kidogo: katika muda wa sekunde moja, mwili wa mtu mzima hutoa chembe nyekundu mpya zipatazo milioni 2. Ndege, samaki na wanyama watambaao hawakuifuata njia hii, kwani chembe zao nyekundu hubaki na viini vyake maisha yote.

Zishike hatua hizi, mwanangu, yaani kuzaliwa, kugawanyika, kujaa himoglobini, kutupa kiini, kuzunguka na kufa, kwa maana kila hatua ina magonjwa yake na barua zinazofuata zitakuonyesha baadhi yake.

Daktari, salaam. Nimemeza vidonge vya madini ya chuma kwa miezi mingi, na nimekunywa pia vinywaji vyekundu vinavyosemekana kuongeza damu, lakini kila nikipimwa himoglobini iko palepale. Je, nizidishe dozi?

Hapana, dada yangu. Usizidishe dozi, na usiendelee hivyo bila kurudi kwa daktari anayekutibu. Mtu ambaye tatizo lake ni upungufu wa chuma pekee, akimeza vidonge ipasavyo, kwa kawaida himoglobini yake huwa imeanza kupanda ndani ya wiki nne. Isipopanda, basi ama damu inaendelea kupotea mahali fulani, kwa mfano kwa hedhi nzito, vidonda vya tumbo au minyoo, ama chuma hakifyonzwi, ama ugonjwa wako haukuwa wa chuma tangu mwanzo. Kuhusu vinywaji, rangi nyekundu ya kinywaji haina uhusiano wowote na wekundu wa damu, na fedha inayotumika humo ingefaa zaidi kulipia kipimo.

Mwili wa mtu mzima una gramu 3 hadi 4 tu za chuma, na sehemu yake kubwa imo ndani ya himoglobini. Uboho unahitaji miligramu 20 hadi 25 kila siku ili kuunda chembe mpya, ilhali utumbo hufyonza miligramu 1 au 2 tu kwa siku. Kiasi kilichobaki hutoka kwenye chembe kuukuu, ambazo makrofeji huzivunja na kurudisha chuma chake kwenye mzunguko. Ini nalo hutoa homoni iitwayo hepsidini, ambayo huzuia chuma kutoka kwenye utumbo na kwenye makrofeji kuingia katika damu. Mtu mwenye maambukizi ya muda mrefu, au ugonjwa unaovimbisha viungo vyake kwa miaka, hepsidini yake hupanda, na chuma kikabaki kimefungiwa ghalani huku uboho ukikikosa. Kummezesha mtu huyo vidonge zaidi hakumsaidii. Kinachomsaidia ni kutibiwa ugonjwa ulioipandisha hepsidini.

Yako pia magonjwa ambayo seli changa hukwama kwenye kugawanyika. Folati na vitamini B12 zinahitajika ili seli inakili vinasaba vyake kabla ya kugawanyika, na zikikosekana seli hukua pasipo kugawanyika vizuri, nyingi zikafa humohumo ndani ya uboho, na chache zinazotoka huwa kubwa kupita kawaida. Mwaka 1931 daktari wa Uingereza, Lucy Wills, aliyekuwa akichunguza upungufu wa damu kwa wanawake wajawazito huko Bombay, alitangaza kwamba hali hiyo iliponywa na kitu kilichomo kwenye hamira, nasi leo tunakifahamu kuwa ni folati. Nakuomba usijitibu mwenyewe kwa folati bila kupimwa B12, kwa sababu kwa mtu aliyepungukiwa na B12 folati inaweza kuipandisha damu huku mishipa ya fahamu ikiendelea kuharibika kimyakimya.

Liko kundi la tatu, nalo ndilo linalonitia wasiwasi zaidi ninaposoma barua kama yako. Mtu aliyerithi thalasemia, yaani kasoro ya kutengeneza himoglobini, huwa na chembe ndogo na hafifu zinazofanana sana na za mtu aliyepungukiwa na chuma, lakini chuma chake kinatosha na pengine kimezidi. Mwili wa binadamu hauna njia ya kukitoa chuma kilichozidi, nacho hujilundika katika ini na moyo. Mwombe daktari akueleze ukubwa wa chembe zako, kiwango cha feritini kinachoonyesha akiba ya chuma, na idadi ya chembe changa kwenye damu. Kipimo hicho cha mwisho hakigharimu kiasi kikubwa cha kazi maabara, lakini mara nyingi husahaulika, ingawa ndicho kinachotenganisha mambo mawili makubwa: chembe changa zikiwa chache, uboho ndio ulioshindwa, zikiwa nyingi, uboho unafanya kazi kwa bidii, ila chembe zinapotea au kuvunjwa baada ya kutoka.

Daktari, mwanangu alizaliwa mzima kabisa. Alipokaribia miezi minane vidole vya mikono na miguu vikavimba, akawa analia usiku kucha, na vipimo vikaonyesha ana selimundu. Kama ugonjwa ni wa kuzaliwa nao, mbona hakuugua mapema? Tena ameandikiwa haidroksiyurea, na jirani ameniambia kwamba hiyo ni dawa ya saratani. Naogopa kumpa.

Pole sana, mama. Nitakujibu kwa kirefu, kwa sababu jibu la swali lako la kwanza ndilo linalofungua jibu la swali la pili.

Mtoto aliye tumboni hatumii himoglobini tunayotumia sisi. Himoglobini yake imeundwa kwa minyororo ya protini, miwili ya alfa na miwili ya gama, na hushika oksijeni kwa nguvu zaidi kuliko ya mama, ndiyo maana inaweza kuivuta kutoka kwenye damu ya mama kupitia kondo la nyuma. Kuelekea kuzaliwa, seli changa huanza kuacha gama na kutengeneza beta, na katika miezi ya mwanzo ya maisha chembe zenye gama huzeeka na kuondoka huku zenye beta zikichukua nafasi. Kasoro ya selimundu imo kwenye beta peke yake. Vernon Ingram, akifanya utafiti Cambridge mwaka 1956 na 1957, alionyesha kwamba tofauti yote ni asidi amino moja, yaani kimoja cha vipande vinavyounganishwa kuunda protini: katika nafasi ya sita ya mnyororo wa beta, panapostahili kuwapo asidi ya glutamiki pamekaa valini. Himoglobini yenye valini hiyo, inapoachia oksijeni, hushikana na nyingine na kufanya nyuzi ndefu ngumu zinazoipinda chembe, na chembe zilizopinda huziba mishipa midogo. Kuvimba kwa vidole ulikokuona kwa mwanao kulitokana na mifupa midogo ya mikono na miguu kukosa damu. Tena chembe hizo huishi siku 10 hadi 20 badala ya 120, na ndipo upungufu wa damu unapotokea ingawa uboho wenyewe unafanya kazi kupita kiasi.

Kwa hiyo mwanao alikuwa na ugonjwa tangu kutungwa mimba, lakini gama ilikuwa ikimkinga. Jambo hili liligunduliwa kwa macho kabla halijathibitishwa kwa kemia. Mwaka 1948 daktari wa watoto wa New York, Janet Watson, aliona kwamba damu ya watoto wachanga waliorithi selimundu ilikuwa na chembe chache sana zilizopinda, akapendekeza kwamba himoglobini ya utotoni ndiyo inayowalinda. Fikra hiyo ndiyo iliyozaa utafiti wa miongo yote iliyofuata. Mwaka 2008 Vijay Sankaran, Stuart Orkin na wenzao huko Boston walionyesha kwamba protini iitwayo BCL11A ndiyo inayozima gama baada ya kuzaliwa, na kwamba ikipunguzwa, gama hurudi.

Sasa nije kwenye dawa. Jirani yako hakusema uongo: haidroksiyurea hutumika pia kwa baadhi ya saratani za damu. Mwanao hapewi kwa sababu ana saratani, nawe usibebe wazo hilo moyoni. Anapewa kwa sababu dawa hiyo huamsha himoglobini ya utotoni, ile iliyomlinda mwanzoni. Utafiti uliotangazwa mwaka 1995 ulionyesha kwamba watu wazima walioitumia walipata vipindi vichache zaidi vya maumivu, na mwaka 1998 mamlaka ya dawa ya Marekani ikaiidhinisha kwa ajili yao. Mwaka 2019 yalitangazwa matokeo ya watoto waliotibiwa kwayo katika nchi nne za Afrika, yaani Angola, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Kenya na Uganda, nayo yalionyesha maumivu kupungua, maambukizi yakiwemo ya malaria kupungua, haja ya kuongezewa damu kupungua, na vifo kupungua. Hofu ya kwamba ingewafanya watoto hao waugue malaria zaidi haikuthibitika.

Dawa hiyo inataka uangalizi. Inaweza kushusha chembe nyeupe na chembe sahani, na kwa hiyo mwanao lazima apimwe damu kwa ratiba atakayopewa, na dozi ipandishwe au ishushwe kulingana na vipimo hivyo. Mbali na dawa hiyo, bandama ya mtoto mwenye selimundu huharibika mapema, na kinga yake dhidi ya baadhi ya bakteria huwa dhaifu. Penisilini ya kila siku na chanjo zake ni sehemu ya matibabu, na homa yoyote ni sababu ya kumpeleka hospitali siku hiyohiyo bila kungoja kesho.

Pengine umesikia habari za matibabu ya vinasaba. Ni za kweli. Mwezi Novemba 2023 Uingereza, na mwezi uliofuata Marekani, ziliidhinisha matibabu ambayo seli shina za mgonjwa mwenyewe hutolewa, sehemu inayoiwasha BCL11A ndani ya seli nyekundu hukatwa, kisha seli hizo hurudishwa mwilini. Yameidhinishwa kwa wenye umri wa miaka 12 na kuendelea, na kabla ya seli kurudishwa, mgonjwa hupewa dawa kali za kuufuta uboho uliopo. Ni kazi ya hospitali chache duniani, na gharama yake haifikiki kwa walio wengi kati ya wanaougua. Nafurahi kwa kila aliyepona, lakini ningekuwa si mwaminifu kwako kama ningekuacha umngojee mwanao tiba hiyo huku kidonge kinachoweza kumsaidia leo kikikaa kabatini.

Jambo la mwisho, mama: mtoto hurithi selimundu anapopokea jeni moja kutoka kwa mama na moja kutoka kwa baba. Wazazi wote wawili wakiwa wabebaji, kila mimba ina uwezekano wa moja kati ya nne. Pasitokee mtu katika familia akakutwisha wewe peke yako lawama ambayo kibaiolojia haiwezi kuwa ya mtu mmoja, na ambayo kwa kweli si ya yeyote.

Baba yangu ana ugonjwa sugu wa figo, na ameambiwa damu yake ni kidogo kwa sababu ya figo hizo. Nilidhani figo ni za mkojo tu. Uhusiano wake na damu ni upi?

Ndugu yangu, figo ndizo zinazoutuma uboho kazi. Ndani yake zimo seli zinazohisi kiasi cha oksijeni, na kikipungua hutoa homoni iitwayo erithropoietini, ambayo huziokoa seli changa nyekundu zisife kabla ya kukomaa. Figo zikiharibika, homoni hupungua, na seli ambazo zingekuwa damu hufa ndani ya uboho hata kama chuma na vitamini vyote vipo.

Dalili za kuwapo kwa homoni hii zilionekana Paris mwaka 1906, pale Paul Carnot na Clotilde Deflandre walipochukua majimaji ya damu ya sungura waliotolewa damu, wakawadunga sungura wazima, na kuripoti kwamba chembe nyekundu ziliongezeka. Ilichukua nusu karne kujua kwamba figo ndiyo chanzo chake, jambo lililoonyeshwa Chicago mwaka 1957. Eugene Goldwasser alitafuta njia ya kuisafisha kwa miaka mingi, na msaada ulitoka Japani, ambako Takaji Miyake alikusanya lita 2,550 za mkojo wa wagonjwa ambao uboho wao ulishindwa kufanya kazi, kwa kuwa miili yao hutoa homoni hiyo kwa wingi ikiuita uboho usioitikia. Kutoka kwenye lita zote hizo, mwaka 1977, walipata miligramu chache tu za homoni safi. Ndizo zilizowezesha jeni yake kupatikana, na mwaka 1989 sindano iliyotengenezwa maabara ikaidhinishwa Marekani kwa wagonjwa wa figo. Sitaki wagonjwa wale wa Japani wasahaulike: walitoa walichokuwa nacho kwa ajili ya dawa ambayo wao wenyewe isingewafaa kitu.

Kabla baba hajaanza sindano, apimwe akiba yake ya chuma, kwa sababu homoni haiwezi kuunda himoglobini pasipo chuma. Tena asishangae daktari akikataa kuipandisha himoglobini yake hadi kiwango cha mtu mwenye afya. Tafiti kubwa zilionyesha kwamba kufanya hivyo kwa wagonjwa wa figo kuliongeza hatari ya kiharusi na ya damu kuganda mishipani. Siku hizi vipo pia vidonge vinavyouchochea mwili uitoe homoni yake wenyewe, vilivyotokana na ugunduzi wa namna seli zinavyohisi oksijeni, ambao uliwapatia William Kaelin, Peter Ratcliffe na Gregg Semenza tuzo ya Nobel mwaka 2019. Daktari wake ndiye atakayepima kipi kinamfaa.

Mimi nimeambiwa nina damu nyingi kupita kiasi. Si jambo jema hilo?

Si jema, kaka. Damu yenye chembe nyingi mno huwa nzito, hupita kwa taabu na huweza kuganda. Wakati mwingine sababu iko nje ya uboho, kama vile kuvuta sigara, ugonjwa wa mapafu au kuishi kwenye milima mirefu. Wakati mwingine seli shina yenyewe imepata badiliko kwenye jeni ya JAK2, lililogunduliwa mwaka 2005, na seli changa zikawa zinaongezeka bila kungoja amri ya homoni. Badiliko hilo hupatikana kwa karibu wagonjwa wote wenye aina hiyo ya ugonjwa, na kipimo chake hufanywa kwa damu ya kawaida. Omba kipimo hicho mapema, kwani kupunguzwa damu kwa utaratibu huzuia kiharusi.

Binti yetu wa miezi mitano amegundulika kuwa na ugonjwa wa Diamond-Blackfan. Anaongezewa damu. Watafiti wameomba sehemu ya sampuli ya uboho wake. Je, watamsaidia, na tuna haki ya kukataa?

Wazazi wapendwa, haki ya kukataa mnayo, na matibabu ya binti yenu hayapaswi kubadilika hata kidogo mkikataa. Mkikubali, mnaweza pia kubadili nia baadaye. Ulizeni sampuli itatunzwa wapi, nani ataiona, na kama mtaambiwa kitakachopatikana. Mtafiti asiyekuwa na subira ya kuyajibu maswali hayo hastahili kupewa sampuli.

Kuhusu msaada, nisiwape matumaini ya haraka. Ugonjwa huu ulielezwa mwaka 1938 na Louis Diamond na Kenneth Blackfan wa Boston. Uboho wa mtoto huonekana kuwa na kila kitu isipokuwa seli changa nyekundu, ambazo hufa karibu na mwanzo wa safari. Kwa miaka sitini hapakuwa na aliyejua sababu. Mwaka 1999 ikapatikana jeni ya kwanza, RPS19, na jibu lilitushangaza sote, kwa kuwa jeni hiyo ni ya kuunda sehemu ya ribosomu, yaani mtambo wa kutengenezea protini uliomo katika kila seli ya mwili. Kama mtambo wa kila seli una kasoro, kwa nini chembe nyekundu ndizo ziumie?

Sehemu ya jibu imepatikana kutokana na sampuli kama hiyo mnayoombwa. Seli changa nyekundu haiwezi kuendelea bila protini iitwayo GATA1, inayoamuru jeni za wekundu zifanye kazi. Tafiti zilizotangazwa mwaka 2014 na 2018 zilionyesha kwamba ribosomu zinapokuwa chache, utengenezaji wa GATA1 huathirika kuliko wa protini nyingine nyingi. Wapo hata wagonjwa wachache ambao kasoro yao imo kwenye jeni ya GATA1 yenyewe. Nimeona namna seli za watoto hawa zinavyoanza vizuri kwenye sahani ya maabara, kisha zikafifia siku zilezile ambazo zilitakiwa kuongezeka, na naamini kwamba kujua siku na hatua ya kufifia huko ndiyo njia ya kuipata dawa inayoilenga.

Kwa sasa, yapo mambo yanayomhusu binti yenu moja kwa moja. Dawa za jamii ya steroidi huwasaidia wagonjwa wengi, lakini kwa kawaida hazianzishwi kabla ya kutimiza mwaka mmoja kwa sababu huzuia kukua. Kila chupa ya damu humwingizia mtu miligramu 200 hadi 250 za chuma, hivyo mapema mtahitaji kuzungumza na daktari juu ya dawa za kukiondoa. Na ikifika siku ya kufikiria kupandikiza uboho kutoka kwa ndugu yake, hakikisheni ndugu huyo amepimwa jeni ileile, kwani yawezekana kuibeba pasipo dalili yoyote, na uboho wake ungemrudishia binti yenu ugonjwa uleule.

Kwa nini msitengeneze damu maabara ili watu wasitegemee wachangiaji?

Tunaitengeneza, ila kwa vijiko. Mwaka 2022 watafiti wa Bristol na huduma ya damu ya Uingereza walitangaza kwamba kwa mara ya kwanza, katika jaribio la kitabibu, watu waliongezewa chembe nyekundu zilizokuzwa maabara kutoka kwenye seli shina za mchangiaji mwingine. Kiasi walichopewa kilikuwa mililita 5 hadi 10. Lengo lilikuwa kulinganisha muda wa kuishi wa chembe hizo na wa zile za kawaida, kwa kuwa za maabara zote ni changa, ilhali chupa ya mchangiaji huchanganya changa na zilizobakiza siku chache.

Kizuizi ni wingi. Chupa moja ya damu ina chembe nyekundu zipatazo trilioni 2, na kuzikuza zote huhitaji lita nyingi za virutubisho ghali. Zaidi ya hayo, nje ya uboho seli nyingi hushindwa kutupa kiini na hubidi kuchujwa. Mchangiaji wa kawaida hatapata mbadala hivi karibuni. Watakaonufaika mapema ni watu wenye makundi ya damu adimu sana, na wale wenye selimundu au thalasemia ambao, baada ya kuongezewa damu kwa miaka mingi, miili yao imezalisha kingamwili dhidi ya damu ya karibu kila mchangiaji. Kwao hata chupa chache zenye kundi lililochaguliwa makusudi zingetosha kuvuka upasuaji au uzazi.